Mandhari, Kazi na Neno: Sam Ntiro na Uchoraji wa Nchi, kwa Mtazamo wa Kutoka Simiyu



1. Utangulizi

Katika Kiswahili, picha inayoonyesha nchi, vilima vyake, miti yake na anga lake huitwa picha ya mandhari. Neno mandhari lina asili ya Kiarabu, nalo limetokana na mzizi wenye maana ya kutazama, mzizi uleule uliokipatia Kiswahili maneno nadhari na nadharia. Kwa hiyo mandhari, kwa asili ya neno lenyewe, si ardhi. Ni ardhi kama inavyoonekana na mtu aliyesimama mahali fulani. Pasipo mtazamaji kuna udongo, mawe, maji na miti; mandhari haipo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini ndilo linalozaa swali la mhadhara huu. Ikiwa mandhari haikosi mtazamaji, mchoraji anayeichora nchi aliyozaliwa anasimama wapi? Mgeni husimama nje, akaitazama nchi kwa mbali kama kitu kizuri kilichowekwa mbele yake. Mkulima husimama ndani, na mara nyingi huwa ameinama. Je, picha ya mandhari yaweza kuchorwa na mtu aliyeinama?

Swali hili linajadiliwa hapa kupitia kazi za Sam Joseph Ntiro, mchoraji wa Tanzania aliyeishughulikia nchi ya Kilimanjaro kwa muda mrefu kuliko wachoraji wengi wa kizazi chake. Baadaye mtazamo wake unapelekwa katika nchi isiyofanana kabisa na Kilimanjaro, yaani Mkoa wa Simiyu, ili kuona kama unaweza kusimama mahali penye tambarare, pamba na ng'ombe. Simiyu imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mkoa huo, ulioundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu kubwa ya uliokuwa Mkoa wa Shinyanga na kufanya Bariadi kuwa makao yake makuu, umepakana na Serengeti, mandhari ya Afrika iliyochorwa na kupigwa picha kupita karibu zote. Pili, Usukuma una mapokeo yake ya uchoraji na msamiati mpana wa ardhi ambao haujapewa nafasi inayostahili katika taaluma za Kiswahili.

2. Makerere: picha inayozaliwa na simulizi

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Katika miaka ya 1940 alisoma uchoraji katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa chuoni hapo katika muongo uliotangulia. Trowell alikuwa amesoma Slade, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London, kisha akajifunza ufundishaji wa sanaa kwa Marion Richardson. Richardson alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi mahali au tukio kwa maneno, kisha kuwataka wachore kile walichokiona akilini mwao. Trowell aliichukua njia hiyo akaja nayo Makerere. Mwalimu alisimulia kisa cha Biblia au cha maisha ya kijijini. Mwanafunzi alisikiliza, kisha akachora.

Wanafunzi wa fasihi simulizi wataona mara moja uzito wa njia hii. Picha haianzii machoni, inaanzia masikioni. Katika simulizi vitu havipangwi kwa umbali wake kutoka kwa msimuliaji, bali kwa nafasi vinavyochukua katika tendo. Mti hutajwa kwa sababu mtu aliketi chini yake. Mto hutajwa kwa sababu ulivukwa. Kilima kisichofanya kazi yoyote katika kisa hakitajwi, hata kama ni kikubwa kuliko vyote vilivyopo. Mchoraji aliyelelewa na simulizi hujifunza mapema kwamba ukubwa wa kitu katika picha hautokani na ukaribu wake na jicho, unatokana na uzito wake katika maisha ya watu.

Njia ya Trowell haikosi lawama. Ilijengwa juu ya imani kwamba Mwafrika ana kipaji cha asili kisichopasa kuharibiwa kwa mafunzo mengi ya Kizungu, na imani hiyo ilibeba ndani yake dharau pamoja na heshima. Hata hivyo, kwa Ntiro matokeo yake yalikuwa ya manufaa. Yalimwezesha kutumia katika rangi za mafuta jambo alilokuwa nalo tangu nyumbani, yaani kumbukumbu ya kijiji iliyopangwa kwa mfuatano wa kazi.

3. London, 1952 hadi 1955: kipimo na kumbukumbu

Ntiro alibaki Makerere akifundisha, kisha mwaka 1952 akaenda Slade, shule aliyosoma mwalimu wake, na kukaa huko hadi mwaka 1955. Slade aliyoikuta ilikuwa chini ya William Coldstream, aliyeishika tangu mwaka 1949 na aliyejulikana kwa uchoraji wa kupima. Katika njia hiyo, mchoraji husimama mahali pamoja, hunyoosha mkono ulioshika brashi, hufumba jicho moja na kupima urefu wa kila kitu kilicho mbele yake. Nafasi ya kukumbuka au kubuni ni ndogo sana. Ukweli wa picha unategemea uaminifu kwa jicho moja, mahali pamoja, kwa wakati mmoja.

Haingekuwa rahisi kupata mafundisho mawili yanayopingana zaidi ya haya. Makerere ilisema: sikiliza, kumbuka, chora. Slade ilisema: simama, pima, chora. Ntiro alimaliza masomo yake, akaendelea kuchora kwa kumbukumbu. Picha zake za baada ya London hazifuati kanuni ya pespektivu inayotaka mistari yote ikutane katika nukta moja ya upeo. Upeo wa macho umepandishwa juu, wakati mwingine karibu na ukingo wa picha, ili eneo kubwa liwe la ardhi. Migomba na miti husimama safu juu ya safu. Watu ni wadogo na ni wengi, na aliye mbali anaonekana wazi karibu sawa na aliye karibu, akiwa na kazi yake mkononi.

Baadhi ya wahakiki wa Ulaya waliuona mtindo huo kuwa wa kitoto, wakashangaa kwamba Slade haikumbadilisha. Hoja ya kwamba alishindwa kujifunza haina nguvu. Mtu aliyekaa miaka mitatu katika shule ya kupima, naye mwenyewe ni mwalimu wa sanaa, hawezi kusemwa kuwa hakuelewa kinachofundishwa. Yaelekea zaidi kwamba alielewa vizuri, akaona kuwa chombo hicho hakifai kwa kazi aliyoikusudia. Pespektivu humpa heshima mtu mmoja tu, yaani anayetazama. Kila kitu hupungua kadiri kinavyokuwa mbali naye. Katika picha ya watu kumi wanaolima pamoja, kanuni hiyo ingewafanya watatu kuwa watu na saba kuwa nukta. Kwa mchoraji ambaye suala lake ni ushirikiano, huo si ukweli wa nchi, ni upotoshaji wake.

Hivyo mabadiliko ya kwanza katika mkabala wa Ntiro si ya mtindo, ni ya sababu. Kabla ya London alichora hivyo kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Baada ya London alichora hivyo kwa kuwa ameijua njia nyingine na kuiacha.

4. Vitabu viwili vya mwaka 1953

Akiwa katika masomo hayo, Ntiro alitoa kitabu cha Kiswahili. Desturi za Wachagga kilichapishwa mwaka 1953, wakati ambapo mashirika ya uchapishaji ya Afrika Mashariki yaliwahimiza Waafrika waandike habari za makabila yao kwa lugha ya Kiswahili. Kitabu hicho hakipaswi kutenganishwa na picha zake. Mtu aliyekuwa akifundishwa mchana kupima umbo kwa jicho alikuwa pia akiandika mfuatano wa mambo ya kwao: nani humfanyia nani nini, kwa wakati gani na kwa utaratibu upi. Desturi haipimiki kwa mkono ulionyooshwa. Picha zake za vijijini zina sarufi ya kitabu hicho: mtendaji, tendo, mtendewa.

Mwaka huohuo wa 1953 ulitoka London kitabu kingine kinachohusu uchoraji wa Tanganyika, safari hii kwa Kiingereza. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha utafiti wake kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka wa Usukuma. Michoro hiyo ilifanywa kwenye kuta za ndani za nyumba za chama, kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu zilizotokana na udongo na masizi. Ilionyesha nyoka, watu, wanyama na viumbe vya imani, nayo ilihusiana na mafunzo ya wanachama.

Ulinganisho wa vitabu hivi viwili una faida. Kuta za Bayeye hazina upeo wa macho. Maumbo yake hayasimami juu ya ardhi iliyochorwa. Ukuta wenyewe ndio mahali pake. Mtu aliyeingia katika nyumba hiyo hakutazama nchi kupitia dirisha, alizungukwa na mambo aliyotakiwa kuyajua. Ntiro na Bayeye walikuwa mbali kwa nchi, kwa dini na kwa vifaa, wala hapana sababu ya kudai kwamba mmoja alimwathiri mwenzake. Kinachowaunganisha ni kanuni: picha ni mahali pa kuweka maarifa, na thamani ya umbo hutokana na jambo linalofundishwa. Ni dhahiri basi kwamba kutokuwapo kwa pespektivu Usukumani hakukuwa upungufu uliosubiri kurekebishwa na shule. Kulikuwa ni jibu la swali tofauti.

Tofauti iliyopo ni ya hatima. Kitabu cha Ntiro kiliandikwa na mwenyeji kwa lugha ambayo wenzake wangeisoma. Michoro ya Bayeye iliandikwa na afisa wa serikali kwa lugha ambayo wachoraji wake wengi wasingeisoma, nayo haikutungiwa msamiati wa Kiswahili wa kuijadili. Kwa upande wa lugha, pengo hilo bado lipo.

5. Mlima na usiku

Miongoni mwa picha za Ntiro zinazojulikana zaidi ni ile aliyoichora mwaka 1956, iliyomo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art ya New York. Jina lake la Kiingereza laweza kufasiriwa hivi: Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku. Jina hilo linastahili kusomwa kwa makini na mwanafunzi wa lugha. Linataja watendaji, tendo, mtendewa, kitu kinachobebwa na wakati. Halitaji mahali. Mlima maarufu kuliko yote Afrika haumo katika jina, ingawa tukio ni la mitelemko yake.

Ukimya huo una maana. Tangu Johannes Rebmann alipouona mlima huo mwaka 1848, Kilimanjaro imeingia katika macho ya dunia kama kilele cheupe kinachotazamwa kutoka uwandani. Hiyo ni mandhari ya msafiri. Mtu wa Machame hauoni mlima kwa namna hiyo kwa sababu yumo ndani yake. Kwake mlima ni kihamba chenye migomba na kahawa, ni mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni, ni njia inayopanda kwenda kwa wakwe. Anayekaa ubavuni mwa mlima huupima kwa miguu: huku ni kupanda, huku ni kushuka.

Usiku nao una kazi yake. Mandhari ya msafiri huhitaji mwanga wa kutosha na hewa isiyo na ukungu ili kilele kionekane. Mchoraji aliyechagua usiku amekataa kwa makusudi kile ambacho mtalii angekuja kukitafuta. Wabebaji wa pombe wanajua njia bila kuiona. Kujua mahali na kuona mahali si jambo moja, na Ntiro alichora kujua. Hapa ndipo mkabala wake ulipokomaa: nchi inachorwa kama kitu kinachotumika, na uzuri wake hauachani na matumizi hayo.

6. Baada ya Uhuru: picha ileile, macho mapya

Ntiro alikuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza kuanzia mwaka 1961 hadi 1964. Baadaye alishika wadhifa katika uongozi wa masuala ya utamaduni serikalini, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akafariki mwaka 1993. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, picha za watu wanaofanya kazi pamoja zilipata maana ambayo hazikuwa nayo zilipoanza kuchorwa. Kilichokuwa kumbukumbu ya ujirani wa Machame kilianza kusomwa kuwa taswira ya siasa ya Ujamaa. Mchoraji hakuwa na haja ya kubadili kitu. Taifa lilikuwa limesogea likasimama mbele ya picha zake.

Hapa hapana budi kutofautisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. Upeo uliopandishwa juu huifanya picha ya Ntiro ikaribie kufanana na ramani, kwa kuwa zote mbili hutazama kutoka juu. Katika miaka ya 1970 ramani zilikuwa na nguvu kubwa vijijini. Operesheni Vijiji, iliyopamba moto kuanzia mwaka 1974, iliwahamisha Wasukuma wengi kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwapanga katika vijiji. Sura ya nchi ilibadilishwa na watu walioitazama kutoka juu bila kuwaona waliomo. Ntiro alitazama kutoka juu ili awaone wote, ramani ilitazama kutoka juu ili iwapange. Kuliacha hilo bila kulisema ni kumfanya mchoraji awe mpambaji wa sera.

Lawama yenye uzito zaidi dhidi ya Ntiro ni nyingine. Katika nchi aliyoichora kazi inakwenda, mvua imenyesha na majirani wamefika. Njaa, ugomvi wa mipaka na kuhama hakuvipa nafasi. Huenda kumbukumbu ya mtu aliye mbali na nyumbani hulainisha mambo. Udhaifu huo unaonekana wazi zaidi mtazamo wake unaposhushwa kutoka mlimani hadi tambarare ya Simiyu.

7. Simiyu: mtihani wa mtazamo

Ugumu wa kwanza ni wa umbo la nchi. Mitelemko ya Kilimanjaro humsaidia mchoraji: ardhi yenyewe imesimama mbele yake kama ukuta, na ni rahisi kupanga watu na migomba safu juu ya safu. Kutoka Bariadi kwenda Maswa au Meatu nchi imelala. Upeo uko chini na anga limechukua nafasi kubwa. Hapa na pale huinuka vilima vya mawe makubwa yaliyobebana. Kuupandisha upeo wa Simiyu kwa kumwiga Ntiro kungekuwa uongo. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka kwake si umbo, ni kanuni: ichore nchi kwa utaratibu ambao wenyeji wake huijua.

Utaratibu huo upo, na umehifadhiwa katika lugha. Kwanza ni dira. Sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Jina Wasukuma lenyewe ni jina la kimandhari: ni watu wa kaskazini, kwa mtazamo wa anayewaita akiwa upande wa kusini. Pili ni udongo. Mkulima wa Usukuma hutambua ardhi kwa mteremko: juu ni luguru, kilima chenye mawe, chini yake ni luseni, udongo mwepesi wa kichanga, kisha itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji vizuri, na chini kabisa mbuga, udongo mweusi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kila tabaka lina mazao na matumizi yake. Mpangilio wa udongo kwa mteremko uliingia katika sayansi miaka ya 1930 kupitia Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliyezunguka Tanganyika akiuchunguza. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya tabaka zake.

Neno mbuga linahitaji maelezo zaidi, maana historia yake ndiyo historia ya tatizo zima. Katika Kiswahili cha shule na cha magazeti, mbuga imekuwa karibu kila mara mbuga ya wanyama, mahali pa simba na watalii, ingawa istilahi rasmi ni hifadhi ya taifa. Usukumani mbuga ni aina ya ardhi: ni mahali pa majaruba ya mpunga, pa kuzamisha plau, pa kugombea maji. Katika mpaka wa mashariki wa Simiyu maana hizi mbili zinakutana ana kwa ana. Upande mmoja kuna Serengeti, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na Pori la Akiba la Maswa. Upande wa pili kuna mashamba na malisho. Kwa jicho, nyasi za pande zote mbili ni jamaa. Kwa picha, ni upande mmoja tu uliohesabiwa kuwa mandhari.

Uchoraji wa kibiashara uliufuata upande huo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alizoea kumweka mnyama mmoja mbele ya rangi tupu, bila nchi. Baada yake soko la watalii lilitaka nchi nayo iwepo, na ikaja ile iliyokuwa katika kadi na kalenda: nyasi za dhahabu, mgunga mmoja, jua kubwa linalozama, na mara nyingi Kilimanjaro nyuma ya wanyama wa Serengeti, kana kwamba mamia ya kilomita hayapo. Hawalaumiwi wachoraji waliotafuta riziki. Lakini nchi isiyo na mtu imekuwa kielelezo cha nchi nzuri, na mkulima wa pamba anayeishi jirani nayo amefundishwa kwamba kwake hapana mandhari.

Ilhali ni vigumu kupata nchi iliyochongwa na mikono ya watu kuliko hii. Uwazi wa Usukuma haukuletwa na maumbile peke yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vilifyekwa kwa nguvu kazi ya maelfu ya watu ili kumfukuza mbung'o, na ng'ombe na pamba vikafuata. Kisha miti ikaadimika. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao ulihusisha pia wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado za Mkoa wa Shinyanga. Mafanikio yake yalitokana na kuirudia desturi ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua ili litumike wakati wa kiangazi. Hadi mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto kwa njia hiyo.

Mgeni akiiona ngitili atasema ameona kichaka. Mwenyeji anaona mapatano: nani ameruhusiwa, lini, kwa ng'ombe wangapi. Ngitili ni desturi iliyoota majani. Hapa ndipo njia ya Ntiro inapoonyesha kwamba haikuwa ya Kilimanjaro pekee, maana ni nchi inayoweza kuchorwa tu na mtu anayejua tendo lililoiumba. Vivyo hivyo kwa shamba la pamba. Mandhari yake si moja, ni mfuatano: maksai na plau mvua zinapoanza, palizi ya mstari kwa mstari, weupe wa uchumaji, milundo inayosubiri mizani, kisha kung'olewa na kuchomwa kwa maotea ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Aidha, Bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe mkononi, ni ushahidi kwamba Usukumani kulima pamoja kumekuwa kitu cha kutazamwa pia. Wasanii wa ngoma walikwisha kujibu swali la mtu aliyeinama: anatazamika, na kuinama kwake kuna mahadhi.

Lakini Simiyu inamdai mchoraji jambo ambalo Ntiro hakulitoa. Mvua za huko hazina ahadi. Kuna miaka ambayo mbuga hupasuka na mahindi hukauka yakiwa na urefu wa goti, na pamba nzuri inaweza kukutana na bei mbaya. Mchoraji atakayeonyesha majirani wakifanya kazi pamoja bila kuonyesha kinachowalazimisha kufanya hivyo atakuwa amechora nusu ya jambo. Ushirikiano wa Usukuma, kama wa Machame, haukuzaliwa na upole wa watu tu. Ulizaliwa pia na hatari.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza katika uchunguzi huu. La kwanza, mabadiliko ya msanii si lazima yaonekane katika mtindo. Picha za Ntiro zilibaki na sura inayofanana kwa miongo mingi, ilhali sababu yake ilihama kutoka utii wa mwanafunzi, ikawa uamuzi wa mtu mzima, kisha ikawa hoja mbele ya taifa. Mhakiki anayehesabu mabadiliko ya brashi pekee ataandika kwamba hakuna kilichotokea.

La pili, pespektivu ni lugha moja miongoni mwa lugha za kuichora nchi. Kuta za Bayeye na migomba ya Ntiro zinaonyesha kwamba kuna sarufi nyingine, zenye watendaji wengi na zisizompa mtazamaji mmoja mamlaka yote.

La tatu linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Uhakiki wa sanaa kwa Kiswahili bado unategemea maneno ya jumla kama mandhari, taswira na mazingira, wakati lugha za nchi hii zina majina ya kila tabaka la mteremko. Maneno kama ngitili, luseni na itogolo hayapaswi kubaki katika ripoti za kilimo. Yanastahili kuingia katika kamusi yakiwa na fasili kamili, na neno mbuga linastahili kurudishiwa maana yake ya udongo pembeni mwa ile ya wanyama. Kazi hiyo inataka mwanaisimu na mchoraji waende shambani pamoja, wa kwanza akisikiliza jina, wa pili akitazama kitu kinachoitwa.

Mtoto wa Bariadi anayeambiwa achore mandhari hana sababu ya kuutafuta mlima wenye theluji. Anaweza kuanzia kwenye luguru nyuma ya nyumba yao na kushuka taratibu hadi mbugani, akitaja na kuchora kila anachokikuta, pamoja na anayekilima.